Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Leseni za Watoto wa Kikundi Chetu cha Ngoma

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nitazungumzia jambo lililotuumiza zaidi mwaka huu, yaani leseni za kuwaruhusu watoto wa kikundi chetu cha ngoma kupanda jukwaani.

Mnakumbuka kwamba katika onyesho la Desemba watoto wanne walibaki nyuma ya pazia wakiwa wamekwisha kuvishwa. Kosa lilikuwa la kamati, nami ndiye niliyeiongoza: tulipeleka maombi siku tisa kabla ya onyesho, ilhali kanuni za mwaka 2014 zinazotumika hapa England zinairuhusu halmashauri kukataa ombi linalofika zikiwa zimebaki chini ya siku 21. Hatukuonewa.

Chimbuko la utaratibu huu ni sheria ya mwaka 1963, inayodai leseni kwa mtoto anayeshiriki, miongoni mwa mengine, onyesho lenye kiingilio. Wazazi kadhaa wameniambia kwamba mtoto akitimiza miaka 16 hahusiki tena. Sivyo, kwani huhesabiwa mtoto hadi Ijumaa ya mwisho ya Juni ya mwaka wa shule anaotimiza umri huo. Mtoto asiyelipwa wala kukosa masomo anaweza kusamehewa leseni, ila akishapanda jukwaani siku nne ndani ya miezi sita msamaha huo hukoma, na siku hizo huhesabiwa kwa mtoto mwenyewe, si kwa chama. Aliyekwisha kucheza Jumamosi mbili na kikundi kingine cha dansi huja kwetu na hesabu yake, nasi hatukuwahi kumuuliza.

Ugumu wetu hasa ni kwamba leseni hutolewa na halmashauri ya mahali mtoto anapoishi, na watoto wetu 19 wametawanyika katika halmashauri sita. Kwa hiyo kamati inapendekeza tuombe kibali cha pamoja, ambacho halmashauri ya eneo la onyesho inaweza kukitoa kwa kikundi kizima, mradi hakuna mtoto anayelipwa wala kutolewa darasani. Hata hivyo, halmashauri hutaka kuona wasimamizi, yaani watu wa kuwaangalia watoto, iliowaidhinisha, na kwenye leseni msimamizi mmoja hapewi watoto zaidi ya 12. Mzazi anaweza kumwangalia mwanawe bila idhini hiyo, lakini si mtoto wa jirani. Sisi tunaye msimamizi mmoja tu (naye, Mungu amjalie, hajakosa onyesho hata moja). Naomba wanachama wawili wajiandikishe leo kabla ya kuondoka, kwa sababu uchunguzi wa rekodi za polisi huchukua muda na onyesho lijalo ni Juni.