Risala ya kina mama kwa mgeni rasmi, siku ya kuwapongeza mabinti zetu wa hoki ya barafu

Mgeni rasmi, mjumbe wetu wa bodi ya shule, wazee wetu mliokuja na makoti mazito kama mnaingia kwenye friji (na kweli mmeingia), kina mama wenzangu, kina baba wachache mliojitokeza, mabinti zetu, shikamooni wote wa kupewa shikamoo na wengine mambo vipi.

Karibu sana mgeni rasmi. Uwanja tumekodi kwa saa na saa inakimbia, kwa hiyo ntasoma harakaharaka.

Sisi ni kina mama tunaoongea Kiswahili hapa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, kuna waliotoka Kongo, Tanzania, Kenya na Burundi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekua anajua barafu zaidi ya ile ya kuweka kwenye juisi. Watoto ndo wametuleta huku. Mwanzo tuliogopa jamani, mtoto kavaa kiatu chenye kisu chini halafu unaambiwa mwache akimbie, na bado kuna wenzie wenye fimbo!

Mambo yalibadilika 2023. Sophie Jaques, beki wa chuo kikuu cha Ohio State hapahapa mjini kwetu, alichukua tuzo ya Patty Kazmaier, ambayo hutolewa kila mwaka kwa mwanamke anayecheza hoki ya barafu vizuri kuliko wote kwenye vyuo vya daraja la kwanza Marekani. Tuzo imeanza 1998, na yeye ndo mchezaji mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka mmoja kabla alikua kwenye timu iliyoiletea Ohio State ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza upande wa wanawake. Mabinti walipoona ile picha basi, fagio zote za nyumbani zikageuka fimbo za hoki na soksi zikaviringishwa kuwa mpira.

Na sisi kina mama tukauliza, huyo Patty mwenyewe ni nani? Kumbe alichezea chuo cha Princeton miaka ya themanini, baba yake Dick Kazmaier alikua staa wa futiboli ya Kimarekani na alipata Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, 1951, lakini binti akaenda zake kwenye barafu. Alifariki 1990 kwa ugonjwa wa damu usio wa kawaida, ana miaka 28 tu. Na alikua beki! Hapo ndo tulipompenda, maana beki kazi yake huwa haionekani mpaka siku akikosea. Na hiyo tuzo hawaangalii magoli peke yake, wanaangalia masomo, tabia na mtu anavyojitolea kwa jamii yake. Hata hivyo mabeki wameambulia kiduchu, kabla ya Sophie alikua Angela Ruggiero wa Harvard 2004, wengine karibu wote ni wafungaji na magolikipa wachache.

Kwa hiyo na sisi kizawadi chetu cha leo tumempa binti ambaye msimu mzima hajafunga hata goli moja. Kuna baba kanipigia simu jana usiku kulalamika, nikamwambia njoo uwanjani uangalie nani anarudi nyuma wenzake wakishachoka, na yupo pale mstari wa pili, namshukuru kwa kuja.

Mgeni rasmi, shida zetu ni mbili. Viatu ni bei na miguu ya watoto haisubiri mshahara, tunaomba shule itutafutie hata kabati tu la kuwekea vilivyotumika watoto waazimane. Na basi la shule linapita barabara hiihii kila jioni bila kusimama, likituachia watoto hapa mara mbili kwa wiki, kina mama wa shifti ya usiku tutapata kulala kidogo.

Sasa tunakuomba usogee umvishe binti medali, pole pole tu hapo mlangoni pameloa.

Ahsante.