Uigaji wa kompyuta si kupika matokeo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mzazi mmoja, aliyesoma kwamba wanafizikia wa CERN, maabara ya Ulaya ya kugonganisha chembe ndogo kuliko atomu, hulinganisha migongano yao na migongano iliyotengenezwa na kompyuta, aliniuliza hapa Moshi kama siku hizi huko nako matokeo yanapikwa. Swali ni la haki, na jibu lake huanzia kwenye meza ya maabara yetu.

Shuleni tuna kihesabu cha Geiger, kifaa cha kuhesabu mionzi, cha zamani. Ukikiwasha bila kukiwekea chanzo chochote cha mionzi, bado kinagonga: tik, kimya, tik tik. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne hudhani kimeharibika, kumbe kinapokea miale ya angani na mionzi hafifu ya udongo na kuta. Kwa hiyo tunahesabu kwanza dakika 10 bila chanzo, ndipo tunapoweka chanzo, na mwishoni tunatoa hesabu ile ya kwanza. Hayo ndiyo matukio ya usuli, yaani yale ambayo yangetokea hata kama unachokitafuta hakipo.

Wenzetu wa CERN hawana njia ya kukiondoa chanzo mezani. Bosoni ya Higgs, chembe ambayo ugunduzi wake ulitangazwa tarehe 4 Julai 2012, huzaliwa takriban mara moja katika migongano bilioni moja ya protoni na kuvunjika papo hapo, pengine ikiacha elektroni nne au muoni nne (muoni ni kama elektroni, ila nzito zaidi), au mbili mbili. Nazo bosoni mbili za Z, chembe za aina nyingine, zikizaliwa bila Higgs yoyote, huacha alama ileile. Ndiyo maana kompyuta hurusha namba za bahati, kama dado, kwa uwezekano ambao fizikia inayojulikana imeuweka, kisha huipitisha kila chembe katika mfano wa kigunduzi, yaani kifaa kinachonasa alama za chembe, tabaka kwa tabaka, na kuhesabu ngapi zingeonekana. Njia hii huitwa Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa kasino kule Monaco, jina ambalo nakiri halisaidii kumtuliza mzazi mwenye shaka.

Uigaji huo hauaminiwi hivi hivi. Hupimwa kwanza dhidi ya data halisi mahali ambapo kitu kipya hakitarajiwi, na usipolingana husahihishwa. Tena si kila usuli hutoka kwenye kompyuta: Higgs inapovunjika kuwa fotoni mbili, yaani chembe za mwanga, usuli hukadiriwa kwa mstari laini uliopinda unaopitishwa katika data zenyewe.

Penye hatari hasa ni kiasi cha mashaka, yaani makadirio ya usuli yanaweza kukosea kwa kiasi gani. Tuseme usuli unaotarajiwa ni matukio 100 na yameonekana 130. Bahati peke yake huyumbisha 100 kwa takriban 10, hivyo ziada hiyo ni mara tatu ya myumbo na inasisimua. Lakini makadirio yenyewe yakiwa na mashaka ya 20, myumbo wote unafika kama 22, na ziada ileile haizidi sana myumbo mmoja. Desemba 2015 ATLAS na CMS, vikundi viwili vya watafiti wa CERN, vilionyesha ziada ya jozi za fotoni karibu na GeV 750 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe), dunia ikachangamka, na Agosti 2016, data zilipoongezeka, ziada ikayeyuka.

Ombi langu ni kwamba mnapoandika habari za chembe mpya, mtuchapishie idadi iliyoonekana, usuli uliotarajiwa, na mashaka ya usuli huo. Mstari mmoja unatosha.

Mwalimu wa fizikia,
Moshi