Anayetumia methadoni apewe dozi hata akiwa seli

Mhariri,

Kila takwimu za dawa za kulevya zinapotangazwa, mjadala wetu huishia kwenye misako. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa Mkenya 1 kati ya 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau aina moja ya kilevi, pombe na tumbaku zikihesabiwa. Wanaotumia heroini ni wachache sana humo, lakini hao ndio ambao msako unaweza kuwaua.

Tangu mwisho wa 2014 methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hutolewa bila malipo katika kliniki za hapa Nairobi, kwanza Mathari, baadaye na Ngara. Ni dawa ya maji, hunywewa mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Mgonjwa huanza na miligramu 15 hadi 30, kisha huongezewa 5 au 10 kila baada ya siku kadhaa mpaka arosto, yaani mateso ya mwili kuikosa heroini, itulie. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi.

Sasa mtu huyo, aliyekunywa dozi yake Ijumaa asubuhi, anazolewa jioni na polisi pamoja na wengine maskani, wanakokutania watumiaji. Katiba yataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiisha korti imefungwa, atangoja siku ya korti inayofuata. Jumamosi hakunywa, Jumapili hakunywa, Jumatatu yuko kizimbani. Kufikia hapo anaharisha, anatapika, mifupa inamuuma na usingizi hana, na askari wa zamu anadhani anajisingizia.

Akirudi kliniki Jumanne, amekosa dozi siku 3. Kwa kawaida dozi hukatwa nusu. Zikifika 5, huanzishwa upya. Wahudumu hawamwadhibu: mwili umeshasahau kiwango kile, na dozi ya zamani ingeweza kumkata pumzi. Lakini nusu haimtoshi, arosto inamrudisha kwa muuzaji, na kete ya heroini aliyoizoea zamani inakuta mwili usioihimili tena, juu ya methadoni aliyokwisha kunywa. Hapo ndipo watu hufa, tena siku chache tu baada ya kuachiliwa.

Dawa ya hili ni rahisi kuliko seli mpya. Anayekamatwa aulizwe kama yuko kwenye methadoni, na kituo cha polisi kipigie kliniki simu asubuhi ya kwanza. Kliniki ithibitishe kiwango na siku ya mwisho aliyokunywa, kisha muuguzi alete chupa iliyokwisha pimwa, mgonjwa anywe mbele yake na mbele ya mkuu wa kituo (OCS), wote watie sahihi. Kituo hakiweki hata tone, kwa hiyo hakuna cha kuibwa wala kuuzwa.

Kila kituo kiwe pia na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini au methadoni, na askari wafunzwe kuidunga. Wajue jambo moja: nguvu yake huisha kati ya dakika 30 na 90, ilhali methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Aliyezinduka na kuomba maji anaweza kuzimika tena saa moja baadaye, kwa hiyo apelekwe hospitali akiwa macho, asirudishwe seli kulala.

Mfamasia,
Nairobi