Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Mwisho wa lami kuna nini?

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Masika yanakaribia, nami nina swali moja: ndege ikitua kwenye mvua kubwa ikashindwa kusimama, inaishia wapi?

Agosti 2, 2005, Airbus A340 ya Air France ilitua Toronto katikati ya radi. Njia ya kutulia ndege ilikuwa na mita 2,743, lakini magurudumu yaligusa chini zaidi ya mita 1,100 zikiwa zimeshapita. Ikapitiliza, ikatumbukia korongoni, ikateketea. Wote 309 walitoka hai. Kozhikode, India, Agosti 2020, mambo yalikuwa mengine: Boeing 737 iliyotoka Dubai ilitua mvua ikinyesha na upepo ukiisukuma kwa nyuma, ikamaliza lami, na kwa kuwa uwanja ule uko juu ya kilima, ikaporomoka. Wakafa 21, marubani wote wawili wakiwamo.

Makosa ya marubani yapo, sikatai. Na maji yakituama, matairi huelea juu yake, breki zisishike. Ila binadamu atakosea tu; kilichopo baada ya lami ndicho kinachoamua kama abiria tunapelekwa hotelini au mochwari.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linapendekeza eneo la usalama la mita 240 mwisho wa njia kubwa. Pasipo nafasi ipo dawa nyingine. Uwanja wa LaGuardia, New York, umebanwa na maji, wakatandika mwishoni zege laini linalopondeka chini ya magurudumu. Oktoba 2016 ndege iliyombeba Mike Pence, wakati huo mgombea mwenza wa urais Marekani, ilipitiliza siku ya mvua, ikanasa humo. Akashuka mzima.

Sisi tuna Bukoba. Ndege ile ya Precision Air, Novemba 6, 2022, haikupitiliza. Ilianguka Ziwa Victoria kabla ya kuifikia njia, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwamo 43, wakafa 19. Waliowahi ni wavuvi, na mitumbwi na makasia yao. Baadaye tuliona umati ufukweni ukiivuta ndege kwa kamba.

Naomba utangaze, uwanja kwa uwanja, Bukoba, Mwanza, Songwe na kwingineko, mwisho wa lami kuna mita ngapi za usalama na kinachofuata ni nini: ziwa, mtaro au nyumba za watu. Zege lile liingie kwenye bajeti kabla ya jengo jingine la vioo. Penye maji, boti ya uokoaji iwe na mafuta na nahodha wa zamu, isiwe boti ya kwenye makaratasi.

Halafu kuna sisi abiria. Rubani akighairi kutua na kuturudisha Mwanza, tunamnung'unikia. Huyu anawahi harusi, yule msiba. Hayo atayavumilia. Asichopaswa kuvumilia ni kuitwa na mwajiri wake ajieleze kwa nini alichoma mafuta ya ziada. Kanuni zimlinde kwa maandishi.

Wako,
Abiria wa Kanda ya Ziwa