Kwa mdogo wangu uliyetuma mahubiri ya hema

Mdogo wangu,

Sauti yako nimeisikiliza mara tatu. Dakika 18 za Hema ya Kukutania, ile hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, kwenye kundi la familia, baada ya miaka miwili bila hata salamu. Umehubiri vizuri, sikatai. Pale uliposema Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, na kwamba Kigiriki chake kinabeba maana ya kupiga hema, shangazi alilia. Ila ukaongeza kwamba ua ulikuwa na mlango mmoja tu, upande wa mashariki, dhiraa 20, na wapo wanaosimama pale kuhesabu nani kaleta nini, wenyewe wasiingie. Watu wakaandika amina. Mimi nilijua anayesemwa ni nani.

Kwanza nikusahihishe, maana mambo haya nilikufundisha mimi kabla hujajua kusoma. Pazia lililopasuka toka juu hata chini Yesu alipokufa halikuwa la hema, kama ulivyosema; lilikuwa la hekalu la Yerusalemu. Lile la samawi, zambarau na nyekundu, la akina Bezaleli, fundi mkuu wa hema, lilikuwa la jangwani, karne nyingi kabla. Waebrania ndiyo inayotuambia kwamba pazia ni mwili wake.

Letu unalikumbuka? Boksi la sabuni, vijiti vya kiberiti ndiyo mbao za mshita, na kanga ya mama tuliyoikata pindo. Makerubi ulichora wewe, wakatoka kama kuku. Viboko nilikula peke yangu, nawe umejibanza nyuma ya pipa, na sikukutaja.

Haya, tuje chini ya turubai, siku ya kumzika mama.

Unachokumbuka ni dada yako kasimama na daftari, anasoma michango mbele ya wazee, na mama bado yumo ndani. Nilifika kwenye jina lako, nikasoma elfu kumi, nikanyamaza. Nimesikia unawaambia watu kwamba kilichokuumiza ni kule kunyamaza. Mwenye turubai alikuwa nyuma yangu anadai salio lake, hukumwona. Jeneza lilikuwa na deni. Akina kaka walikuwa wananiuliza mimi, si wewe. Ningefanyaje? Ukainuka, ukapita katikati ya viti, ukaenda zako stendi. Mama akashuka kaburini bila udongo wa mkono wako. Hilo halijanishuka mpaka leo.

Ukihubiri hema tena, usiruke vitako, ile misingi ya kusimamishia mbao na nguzo. Vilikuwa 100, vya fedha, kila kimoja talanta nzima, kilo thelathini na kitu. Dhahabu na kitani watu walitoa kwa kupenda, hadi Musa akapiga mbiu waache kuleta (kwa mama hatukufika huko). Fedha ya vitako haikuwa hivyo. Ilitoka kwenye nusu shekeli ya kila mwanamume aliyehesabiwa, watu 603,550: tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Mbao 48 zilisimama juu ya vitako 96. Vinne vilivyobaki vilibeba nguzo za hilo pazia unalolihubiri. Vilikaa mchangani, na sijasikia kwaya inayoviimba. Na hesabu yote ilikuwa mkononi mwa Ithamari, mtoto wa mwisho wa Haruni. Kwetu mtoto wa mwisho alikuwa stendi.

Basi mimi ni mtu wa vitako. Kuna ubaya gani? Lazima mtu ajue nani katoa na nani bado, la sivyo hema haisimami, wala msiba hauzikiki.

Wifi aliniambia asubuhi ile jikoni kwamba umeachishwa kazi. Nilikuwa najua, kabla sijafungua daftari. Nilijiambia nusu shekeli ni ileile kwa wote, nikiruka jina moja nitaulizwa na wengine. Kusoma ningesoma tu. Kunyamaza sikulazimishwa na mtu.

Kanga ya mama ninayo mimi, imekatwa pindo upande mmoja. Kile kipande ulikificha kwenye Biblia yako ndogo. Kama bado kimo, usikitupe.

Dada yako