Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kupanda Kilimanjaro kwa Ajili ya Wagonjwa wa Saratani

Ndugu wanachama,

Hesabu kamili zimo katika taarifa ya mhazini mliyokwisha kutumiwa, kwa hiyo sitazirudia. Hapa naeleza fedha tulizochangisha kwa kupanda Kilimanjaro zilielekezwa wapi na kwa nini, na yapi yanataka kurekebishwa kabla ya msafara ujao.

Kamati ilishikilia jambo moja mwaka mzima: mchango umsaidie mgonjwa kumaliza dozi. Chukueni saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini mwetu. Mgonjwa ambaye ugonjwa umeenea nyongani lakini haujasambaa mbali hupata kwa kawaida mionzi ya nje mara 25, siku tano kila wiki kwa wiki tano, na dawa ya cisplatin mara moja kwa wiki. Hufuata mionzi ya ndani, yaani inayotolewa kwa vifaa vinavyowekwa ndani ya mwili, mara tatu au nne. Yote haya yanatakiwa yakamilike ndani ya wiki nane, maana seli za uvimbe zilizobaki huanza kuzaliana kwa kasi matibabu yakiwa bado yanaendelea, na kila siku ya kuchelewa inapunguza nafasi ya kuudhibiti.

Mgonjwa huyo sasa awe ametoka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli hadi Dar es Salaam. Kauza mbuzi kupata nauli. Wiki ya tatu fedha za chakula zimekwisha, mvua zimeanza na shambani hakuna mtu, basi anaomba ruhusa afike nyumbani mara moja. Akikaa huko wiki mbili, mionzi 15 aliyokwisha kupata imepungua faida, na hakuna mashine mpya itakayomrudishia siku hizo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya michango imekwenda kwenye nauli, malazi karibu na hospitali, na chakula cha mgonjwa pamoja na ndugu mmoja anayemuuguza.

Utaratibu ni huu. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali hujaza fomu yenye namba ya faili, tarehe ya kuanza na idadi ya mionzi iliyopangwa. Jina la mgonjwa haliletwi kwetu. Mwenye nyumba hulipwa na mhazini moja kwa moja, wiki kwa wiki. Posho ya chakula hutumwa kwa simu kila Jumatatu, na nauli ya kurudi hutolewa siku dozi inapoisha. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusimpe mgonjwa fedha zote siku ya kwanza ili apumue. Sababu ni kwamba nyumbani kuna ada ya shule na deni la duka, naye ni mzazi. Fedha zitakwenda huko kabla ya wiki ya pili, na hatuwezi kumlaumu. Vipimo na dawa katika hospitali za Serikali tunalipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya mgonjwa husika. Fedha taslimu hatumkabidhi mtumishi yeyote, hata mwema kiasi gani.

Limekuja pia pendekezo la kununua mashine, ili kiwepo kitu cha kuonekana chenye kibao cha chama. Nia ni njema, na mfano upo: Radiating Hope, shirika la Marekani lililoanzishwa na madaktari wa mionzi wanaopanda milima, Kilimanjaro ukiwemo, lilifikisha mashine ya mionzi ya ndani Dakar, Senegal. Lakini mashine ya namna hii hufanya kazi kwa chanzo cha mionzi kilichomo ndani yake. Kama ni iridiamu-192, nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 74 hivi. Tiba iliyochukua dakika 10 chanzo kikiwa kipya itachukua 20, mgonjwa akiwa amelala na vifaa ndani ya mwili. Kwa hiyo chanzo hubadilishwa kila miezi mitatu hadi minne, maisha yote ya mashine. Kila kinapoletwa kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kikikwama forodhani kinapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa siku. Kama chanzo ni kobalti-60, hupungua kwa nusu baada ya miaka mitano na kidogo, hivyo usumbufu wa kubadilisha ni mdogo zaidi. Msimamo wa kamati ni kwamba tusichangie mashine yoyote mpaka hospitali ituonyeshe kwa maandishi bajeti ya vyanzo, mkataba wa matengenezo na mtaalamu wa fizikia tiba aliyeajiriwa. Mashine iliyofunikwa turubai haijamtibu mtu.

Kuhusu dawa za watoto, maelezo ni mafupi. Wafadhili wanaotaka kutuma shehena waelekezwe kwanza kwa mfamasia wa hospitali, kisha kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, kwa kibali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi inapofika. Mwaka huu tuliletewa maboksi yaliyobakiza miezi michache tu, nayo tukayakataa. Kwa mtoto mwenye saratani ya damu, ambaye matibabu huchukua miaka miwili hadi mitatu, dawa ya vinkristini inayopatikana kila mwezi ina thamani kuliko shehena kubwa ya mara moja.

Sasa mlima wenyewe. Kanuni yetu inabaki palepale: mpandaji hujilipia safari, na mchango wa watu hauguswi. Tazameni ukubwa wa gharama. Kwa mgeni asiye mkaazi, siku saba za njia ya Machame kwa kiwango cha dola 70 kwa siku ni dola 490; kambi usiku sita kwa dola 50 ni 300; uokoaji ni 20. Jumla ni dola 810, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inaifikisha karibu dola 956, kabla hajalipwa mpagazi hata mmoja. Mchangiaji aliyetoa kwa ajili ya mgonjwa asije akakuta kalipia hema.

Njia ya Marangu kwa siku tano tumeiacha ingawa ni rahisi kwa bei. Inamtoa mtu kambi ya Horombo, mita 3,720, hadi Kibo, kama mita 4,700, na usiku uleule anaanza kwenda Uhuru, mita 5,895. Mwili haupati muda wa kuzoea. Machame inampandisha hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha inamshusha kambi ya Barranco kulala chini ya mita 4,000, na hapo ndipo faida ilipo. Mwenye kichwa kinachouma hapandi zaidi mpaka kitulie. Anayeyumba akitembea mstari ulionyooka, au anayehema akiwa amekaa, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wapandaji waliopona saratani wanahitaji uangalizi wa pekee. Aliyetibiwa kwa doksorubisini apime moyo kwa mawimbi ya sauti (echo), kwa kuwa dawa hiyo huweza kuudhoofisha. Dawa ya bleomisini huweza kuacha makovu mapafuni. Aliyetolewa tezi za kwapa asikaze mkanda wa begi upande huo, na presha ipimwe mkono mwingine. Wanaosahaulika ni waliotumia vinkristini au paklitakseli: nyayo zao huenda zimepoteza hisia, buti linawachubua bila wao kujua. Kila jioni kambini mwongozaji amvue soksi mpandaji huyo na kumkagua vidole kwa tochi, kimoja kimoja.

Wapagazi: mzigo wa msafara usizidi kilo 20, ukipimwa getini mbele ya mwakilishi wetu. Milo mitatu, hema lisilovuja, na bahshishi mkononi mwa kila mmoja, kiasi kikisomwa hadharani. Wasio na nguo za baridi waazime KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, Moshi, ambako hutolewa bila malipo. Chama kinachotafuta uhai wa mgonjwa hakiwezi kumnyima mpagazi koti.

Linalonisumbua zaidi ni ahadi. Picha ya kileleni ikishatumwa, watu hupongeza na ahadi husahaulika. Kamati inapendekeza ahadi zote zikusanywe kabla ya kupita geti la Machame, na mpandaji ambaye hajafikisha kiwango chake asubiri msafara unaofuata.

Pendekezo la pili ni kupanga safari ijayo ili tufike kileleni tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru, ambayo wapandaji wa nyumbani hujitokeza kwa wingi. Mvua za vuli huenda zitakuwa hazijaisha, kwa hiyo kila begi lipakiwe ndani ya mfuko wa plastiki mzito.

Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Fomu za daktari zimfikie katibu wiki sita kabla ya safari. Za waliowahi kutibiwa saratani zifike wiki kumi kabla, kwani kipimo cha moyo kina foleni.

Mwenyekiti