Mashine ya mtoto wako si mbovu

Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Mbalizi aliweka mashine ya masikio juu ya meza ya duka letu la mashine za kusikia hapa Mwanjelwa, Mbeya, akasema mbele ya wateja wote: "Kaka, mmeniibia. Mtoto haongei." Mwanawe ana miaka 9, kiziwi tangu kuzaliwa, na hiyo ndiyo mashine yake ya kwanza. Nilitia betri mpya nikaisikiliza kwa mrija. Sauti ilitoka safi kabisa.

Malalamiko haya tunayapata kila mara, na yananiuma, kwa hiyo naeleza.

Mashine kazi yake ni kufikisha sauti sikioni. Wa kuipokea ni neva, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Neva ya kusikia inapoingia kwenye shina la ubongo, ncha zake hutanuka zikaikumbatia seli inayofuata kama vidole vilivyoshika parachichi, ili ujumbe upite haraka na kwa wakati wake. Mtoto asiposikia tangu mwanzo, mshiko huo hauumbiki sawasawa. Watafiti wa Marekani waliona hivyo kwa paka waliozaliwa viziwi: matawi ya ncha yamepungua na sehemu za kugusana zimebadilika umbo. Mwaka 2005 walionyesha kwamba paka wachanga waliowekewa kifaa cha kusikia ndani ya koklea (sehemu ya ndani ya sikio inayogeuza sauti kuwa ujumbe wa neva), ncha zao zilirudi karibu na hali ya kawaida. Huko juu kwenye ubongo nako, eneo la sauti likikaa bure huanza kuitumikia kazi nyingine, kama kuona. Kwa watoto waliopandikizwa kifaa cha koklea, waliopata kabla ya miaka 3 na nusu ubongo wao ulikuja kuitikia sauti kama wa wenzao. Waliopata baada ya miaka 7, wengi wao ubongo haukufikia hapo.

Kwa hiyo "tusubiri, hata baba yake alichelewa kuongea" ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Inayofuata ni kile kikuza sauti kinachouzwa barabarani. Baba mmoja wa Tukuyu alimnunulia binti yake wa miaka 2, bila kipimo, bila moldi, yaani kile kizibo kinachofinyangwa kwa umbo la sikio lake. Kikapiga mluzi, mtoto akakitoa, kikalala kabatini. Alikuja kwetu binti ana miaka 6. Hela ilitoka mara mbili, na ile miaka 4 hakuna duka linaloiuza.

Mnaosema bei yetu kali mnahesabu mashine peke yake. Ndani yake mna moldi, ambayo kwa mtoto mdogo hubadilishwa kila baada ya miezi michache kwa sababu sikio linakua, na kuna kurekebisha sauti kila mnaporudi. Mtoto mchanga simuuzii chochote kabla hajapimwa hospitali akiwa usingizini, kwa waya za kichwani. Nimeshawarudisha watu na hela zao mkononi.

Yule mama sikumrudishia fedha. Tulipunguza sauti, tukampangia mazoezi mafupi kwenye chumba kilichotulia, na nikamsihi mtoto aanze pia Lugha ya Alama, maana ni lugha kamili na haimzuii kusikia. Jumatano iliyopita kijana aligeuka bodaboda ilipopiga honi nje. Maneno bado.

Mgongoni mama alikuwa na mdogo wa kijana huyo, wa miezi 5. Nilimuuliza kama huyo amepimwa masikio. Alhamisi wanakwenda.